Kamandi ya Akiba

Kazi ya kumtunza mzee mmoja pale Takoma Park, huku ughaibuni, niliichagua kwa sababu inafanyika ndani, tena kwenye kiti. Mke wangu aliposikia alisema, "Hatimaye wamekuajiri kwa kipaji chako." Wakati ule sikujua kama mtu anaweza kushtuka sana akiwa amekaa.

Mzee alikuwa anakaribia miaka mia. Mjukuu wake alitaka, kwa ajili ya shule, orodha ya vikosi vilivyopigana pamoja na babu yake vitani kule Ulaya. Mkono wa mzee ulikuwa unatetemeka, kwa hiyo yeye alisema, mimi nikaandika kwa penseli, na kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne.

Akanieleza kwamba divisheni yao ya vifaru ilikuwa na kamandi tatu za mapigano. Kamandi yenyewe haikuwa na askari wake: ni kamanda, maofisa wachache na redio. Leo inaazimwa vifaru, askari wa miguu, mizinga, kesho inanyang'anywa. Mbili za kwanza ni za kushambulia. Ya tatu ni ya akiba.

"Na wewe, babu, ulikuwa ipi?"

"Ya akiba. Redioni."

Nilicheka mpaka nikashika meza. "Kumbe ni mwenzangu! Wenzio wanapigana, wewe umekaa!"

"Nilikaa, ndiyo," akasema, naye akacheka. Basi wiki nzima nikawa naingia na "Shikamoo, Akiba!" Ananijibu "Marahaba" niliyomfundisha mwenyewe, kaitafuna vibaya kweli.

Ijumaa, katika masimulizi yake, tukafika siku moja ya vita yenye baridi kali. Akataja kombania ya vifaru, nikaandika. Ya askari wa miguu, nikaandika. Nyingine, na nyingine. Kisha akarudi juu: hii ondoa, na hii ondoa. Nikajua uzee umemchanganya. Nikashika kifutio, nikazifuta zote, karatasi nikaipuliza ikawa safi.

"Umepotea leo, Akiba?"

Hakucheka. "Adui alipenya. Sisi wa akiba ndio tuliotumwa kuziba barabara, kombania moja kila njia panda. Niliwasikia redioni, wakinyamaza kombania moja baada ya nyingine." Akaitazama karatasi. "Nilisema uwakate kwa mstari. Nani kakwambia uwafute?"

Neno la Kiingereza alilotumia kusema "ondoa" mimi nililijua kwa maana ya kufuta tu. Nikashtuka pale pale kitini. Nikamwomba awataje tena. Akawataja polepole, akakwama kwenye kombania ya mwisho. Akafumba macho, akajaribu, haikuja.

Nikakimbilia dirishani na ile karatasi, nikaiinamisha kwenye mwanga. Mkono wangu mzito ulikuwa umeacha alama za maandishi. Nikaisoma ile kombania ya mwisho kwa sauti.

"Hao," akasema. "Hao ndio walioniaga redioni."