Bakuli la Chenji la Mama Abdul

Didas Kihwele alianza kukusanya sarafu siku tajiri wake alipouza lori na kumwagiza alisafishe kabla mnunuzi hajafika. Lori lile alikuwa ameliendesha tangu ujana wake, likipeleka Mbeya mbao za Kilolo na kurudi Iringa na mchele. Chini ya zulia la mpira, penye maganda ya karanga na vumbi lililoshikana kama udongo, akaokota senti ishirini yenye picha ya mbuni. Akaifuta kwa mate. Mwaka 1966. Ndio mwaka aliozaliwa yeye.

Akaitia mfukoni. Mnunuzi akaja, akapiga honi mara mbili kuijaribu, akaondoka nalo. Didas akabaki kando ya barabara pale Mbalizi, nje kidogo ya Mbeya, na begi la nguo, blanketi na ile senti.

Nasimulia habari zake kwa sababu watu wa namna yake hawasimuliwi. Nusu ya madawati ya mkoa huu yametokana na mbao alizobeba yeye, na sijawahi kusikia jina la dereva likitajwa siku ya kufungua shule. Wanatajwa waliokata utepe.

Kwanza alirudi nyumbani, Iringa mjini, kwa mkewe Severina na binti yao Happy. Walimpokea vizuri kupita kiasi, na hapo ndipo palipokuwa na tabu. Walimchinjia kuku siku ya kwanza, wakamchinjia na siku ya pili, na hata wiki ilipoisha alikuwa bado anawekewa paja na kutandikiwa kitambaa. Mtu wa nyumbani hafanyiwi hivyo. Mtu wa nyumbani anaambiwa, "Ugali umo kwenye sufuria, pakua." Akisogeza kiti dirishani, Severina alikirudisha mahali pake, kama anavyofanya mtu baada ya wageni kuondoka. Miaka yote ile Didas alikuwa akilala pale siku mbili na kurudi barabarani, nao walikuwa wamejifunza kuishi vizuri bila yeye. Hakuna aliyemfukuza. Aliaga mwenyewe, akasema kuna kazi Mbalizi.

Kazi ilikuwepo kweli, ya kupokea na kupanga mbao kwenye yadi moja karibu na barabara kuu. Akapanga chumba kilichopakana na changu. Nilikuwa nimemaliza chuo na bado nasubiri ajira, nikifundisha watoto wa mtaa masomo ya ziada. Ukuta ulikuwa mwembamba. Nilimsikia akipika, akila, akiosha sahani yake moja. Sikumsikia akizungumza, maana hakuwa na wa kuzungumza naye.

Isipokuwa asubuhi. Asubuhi alikunywa chai kwa Mwantumu, ambaye wote tulimwita Mama Abdul, mjane aliyekuwa akikaanga vitumbua kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara. Babu yake alikuja nyanda hizi kutoka Tanga na mzigo wa kanga, akaoa, akazikwa hapa, na mjukuu bado anatamka "vitumbua" kama mtu wa Pwani. Pembeni ya jiko aliweka bakuli la plastiki la chenji. Wateja walitupia humo sarafu, naye alitoa chenji humo humo bila hata kuangalia.

"Mama Abdul," Didas alisema asubuhi moja, "niruhusu nichungulie bakuli lako."

"Unachungulia nini, Baba Happy? Unaniposa kupitia chenji?"

Madereva wakacheka. Didas akaona haya.

"Natafuta miaka."

"Miaka yangu sikuambii!"

Akamtolea senti ya mbuni, akamweleza. Kila sarafu ina mwaka wake, na yeye ana hamu ya kujua amekaa duniani na sarafu zipi. Mama Abdul akaigeuza ile senti kwenye kiganja chenye unga. Akasema utotoni senti ishirini ilikuwa inamtosha peremende na bado akaringa. Kisha akamsukumia bakuli. "Tafuta. Ukichukua moja, weka moja. Mimi hapa siendeshi makumbusho."

Basi ikawa desturi yao. Didas akafika mapema kuliko wateja wengine, akamwaga bakuli juu ya sinia, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akageuza sarafu moja moja: faru wa shilingi hamsini, swala wa mia, simba wa mia mbili, nyati wa mia tano. Akikuta mwaka asiokuwa nao anaweka sarafu yake nyingine ya thamani ile ile na kuchukua hiyo. Baada ya muda Mama Abdul naye akaambukizwa. Alikuwa akimwona mbali anapaza sauti: "Leo nimekuwekea simba wa 1998! Mwaka niliomzaa Abdul, na mvua zile za El Nino, nusura nijifungulie kwenye matope!" Naye Didas anauliza matope yalikuwa wapi, mkunga alikuwa nani, na vitumbua vinaungua huku wanazungumza.

Alikosea kama anavyokosea kila anayeanza. Zile za kwanza alizisugua kwa majivu na limau, kama wanawake wa kwao wanavyosugua sufuria, zikang'aa na kupoteza sura. Nilimwonyesha kwenye simu yangu maneno ya wenye uzoefu: sarafu isisuguliwe, weusi wake ndio umri wake, ishikwe ukingoni. Alisikitika kama mtu aliyenyoa kichwa cha mzee bila ruhusa. Tangu hapo alizishika kwa ncha za vidole na kuzipanga kwenye trei ya mayai, kila moja na shimo lake. Humo mlikuwa na senti tano ya samaki, sungura wa senti hamsini, shilingi ya mwenge. Mlikuwa na senti kumi ya mkoloni yenye tundu katikati, ambayo fundi mmoja wa zamani aliitumia kama washa, ile pete ya chini ya skrubu, kukaza mpini wa kikaango cha Mama Abdul. Didas alinunua washa mpya dukani, akakaza mpini upya, ndipo akaichukua.

Kilichompeleka pale kila asubuhi hakikuwa sarafu peke yake, na nadhani mwenyewe alijua. Pale kulikuwa na mtu aliyemngoja.

Kisha barabara ikaanza kupanuliwa. Mtaro ulichimbwa mbele ya vibanda, mrefu na wenye kina, na malori yakakosa pa kuegesha. Madereva wakapita moja kwa moja kwenda kunywa chai mbele. Hakuna aliyekuja kuwaeleza wauzaji kwamba mtaro utafukiwa lini, wala kwamba wateja watapungua. Hili ndilo linaloniunguza. Mtu asipopewa sababu ya shida yake atajitafutia mwenyewe, na ataokota iliyo karibu.

Iliyokuwa karibu ni Didas.

Eveline, muuza ndizi wa kibanda cha pili, ndiye aliyeisema kwanza. Nilikuwa nimesimama pale nikisubiri vitumbua vya watoto wangu wa masomo.

"Dada Mwantumu, fumbua macho. Biashara imekufa tangu lini?"

"Tangu mtaro."

"Mtaro! Mbona mimi ndizi zinatoka? Yule mzee anatia mkono kwenye fedha zako kila siku ya Mungu, kabla hujauza hata kimoja. Anaweka yake, anatoa yako. Hujui jina lake hilo? Chuma ulete hiyo!"

Asiyejua aelewe: wauzaji wengi wanaamini kuna watu ambao sarafu yao ikiingia kwenye fedha zako, ikitoka inatoka na wenzake, hata ukauza mchana kutwa jioni unakuta bakuli halina kitu. Wanaamini hivyo sokoni, wanaamini hivyo madukani, na nimewakuta wenye shahada wanaoamini hivyo kwa sauti ya chini.

Niliwaka. Nikamwambia Eveline ndizi zake zinatoka kwa sababu wanunuzi wake ni wapita kwa miguu, na wa vitumbua ni madereva. Waruke mtaro kwa lori?

"Wewe msomi," akanijibu, "ajira yako iko wapi? Kaangalie vizuri, isije ikawa nayo imebebwa."

Watu wakacheka, na Mama Abdul akacheka pia, lakini mkono wake ulikuwa umeshaenda kwenye bakuli.

Kesho yake bakuli lilifunikwa kawa. Didas akafika, akasalimia, akakaa, akatoa miwani.

"Leo sina chenji, Baba Happy."

"Bakuli naliona."

"Nimesema sina."

Akamimina chai, akaiweka mezani, akamgeukia mteja ambaye hakuwepo. Didas akanywa. Alipotoa noti kulipa, Mama Abdul hakuipokea mkononi. Alimwonyesha meza. "Weka hapo." Noti ikalala pale hadi Didas alipoondoka, ndipo Mama Abdul akaishika kwa kona ya kanga na kuipeleka kwa Eveline ibadilishwe. Eveline akakataa, bila shaka.

Neno likatembea. Kwenye yadi ya mbao mmoja akamtania, "Kihwele, usinipe mkono, nina mshahara mfukoni." Duka la mtaani likaanza kumwambia bidhaa zimekwisha. Hakumgombeza mtu. Nilimshauri aende kwa mwenyekiti wa mtaa, akatikisa kichwa.

"Nikamwambie nini, mwalimu? Nalazimisha watu wanizoee?"

Jumamosi moja akafunga trei ya mayai kwa kamba, akaipakata mapajani hadi Iringa. Mambo ya safari hiyo alinieleza aliporudi, kidogo kidogo, kupitia mlango uliokuwa wazi. Alikuwa amebeba swala wa mia wa 1994, mwaka aliozaliwa Happy, sarafu ya mwisho kuitoa kwenye bakuli kabla halijafunikwa. Walimchinjia kuku. Baada ya kula akafungua trei, akaanza kuwaonyesha. Happy alisogea karibu, akauliza kwa adabu.

"Zinauzwa, Baba? Mtandaoni wanasema rupia za Mjerumani ni mamilioni."

"Hizi si za kuuza. Hii ni yako. Angalia mwaka."

Happy akaigeuza. "Lakini Baba, hii si shilingi mia tu?"

"Ndiyo, ni mia."

"Asante, Baba." Akaiweka juu ya meza, karibu na kibao cha kukatia nyanya. Asubuhi, Severina akiwa anatafuta hela ndogo ya mchicha, aliiona pale, akaichukua, akamlipa muuza mboga mlangoni. Hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia. Didas alikuwa amekaa akiona yote. Muuza mboga akateremka kilima na ndoo yake kichwani. Severina akamuuliza mumewe, kwa upole kabisa, anarudi lini Mbalizi, ili ajue kama anunue kuku mwingine.

Alirudi siku hiyo hiyo.

Jumatatu alikwenda kibandani na trei. Nilimfuata kwa nyuma kwa sababu niliogopa. Wateja walikuwa wachache, Eveline yupo, mtaro upo na maji ya mvua ndani yake. Didas akaiweka trei mezani, akaifungua.

"Mama Abdul, zote zilizotoka kwako zimo humu, isipokuwa swala mmoja. Simba wa Abdul, huyu hapa. Ile ya kikaango, hii. Zirudishe kwenye bakuli, halafu mambo yawe kama zamani."

"Usiguse!" Eveline akapiga kelele. "Dada, usiguse hata moja, ndiyo anavyomalizia!"

Mama Abdul alimwangalia simba wa 1998 kwa muda mrefu. Mkono ukanyanyuka, ukashuka. Akaufutia kwenye kanga, ingawa haukuwa na kitu.

"Baba Happy, mimi sijasema wewe ni mbaya."

"Najua."

"Ukiniuliza rohoni, siamini. Lakini nadaiwa kodi ya kibanda, na usiku silali. Mtu asiyelala anaamini chochote. Funga vitu vyako. Zipeleke nyumbani, usizilete tena hapa."

Didas akafunga kamba. Alifunga polepole, na nikajua anachelewesha nini: akishamaliza fundo lile, hakuwa na sababu nyingine ya kusimama pale.

"Chai je?" akauliza.

Mama Abdul akamtazama Eveline, akatazama mtaro, kisha akamtazama yeye. "Chai sikunyimi. Ila fedha yako isiingie humu. Lipa kwa simu."

Didas hakuwahi kulipa chochote kwa simu. Siku zote aliamini hela ni kitu cha kushikwa. Alitoa simu yake ya vitufe, na mimi nikamwelekeza: bonyeza hapa, weka namba yake, sasa namba ya siri, usinionyeshe. Alibonyeza kwa kidole kimoja kinene, akakosea, akarudia. Tulingoja. Simu ya Mama Abdul ikalia kwenye mfuko wa aproni. Akaisoma ikiwa mbali na uso kidogo.

"Imeingia."

Akammiminia chai. Didas akaenda kukaa mwisho wa benchi, mbali na bakuli, trei ikiwa chini ya miguu.

Bado anakwenda. Nimepata kazi sasa ya kufundisha ng'ambo ya mji, na nikipita asubuhi namwona. Anafika mapema kuliko wengine, kama zamani, anakaa kule mwisho na kubonyeza namba zake. Mama Abdul anakaanga huku amempa mgongo. Simu inalia, anaitazama, anasema, "Imeingia," naye Didas anasema, "Haya." Anakunywa hadi chai inapoa, kikombe kikiwa kati ya viganja viwili, akisubiri kama Mama Abdul atasema na jingine.