Nta Isiyochafua Kanzu

Adui wa Mwanamize hakuwa mteja bahili wala askari wa soko. Adui yake alikuwa jua. Alipotoka Ilala asubuhi na kikapu kichwani, nta yake ilikuwa imekaza vizuri ndani ya mikebe mitupu ya sigara aliyoikusanya na kuisugua. Akifika Gerezani imeanza kulegea. Akiingia mitaa ya Kariakoo adhuhuri, anauza uji. Mteja anafunua kifuniko, anaona maji ya manjano yanacheza, anacheka, anataka apunguziwe. Na Mwanamize angekupunguzia maneno, angekupunguzia hata salamu, lakini bei hapana.

Ilikuwa nta ya samani, ya kung'arishia vitanda vya samadari, makabati na viti vya wageni. Kuipika alijifunza kwa mumewe Hamis, seremala mwenye mikono mizuri na miguu mibaya, maana siku moja miguu hiyo ilimpeleka Tanga kutafuta mbao na haikumrudisha. Mwanamize alingoja kadiri mtu mwenye akili anavyongoja, kisha akauza randa na misumeno, akabakiza sufuria. Majirani waliokuja kumpa pole walishangaa kwamba hakuweka hata patasi moja ya ukumbusho. Aliwajibu kwamba patasi haili wala hailishi.

Sasa alitaka kivuli, tena si kivuli cha popote. Alikwisha kukichagua: mwisho wa baraza la duka la Hamud bin Salem, kando ya nguzo, karibu na soko, mahali ambapo jua halikuingia tangu asubuhi mpaka alasiri. Mara mbili alimwomba Hamud amwachie pembe ile, mara mbili Hamud alimjibu kwa adabu kwamba baraza ni la kahawa na bao, na kwamba rafiki zake wangesema nini wakijikuta wamekalia mikebe. Mwanamize hakununa. Mtu anayenuna hawezi kurudi mara ya tatu.

Mara ya tatu ililetwa na motokaa.

Hamud alikuwa Mwarabu wa Kariakoo, babu yake ndiye aliyetoka Shihiri, na mbali na tende, sukari na nguo alikuwa na motokaa moja nyeusi ya kukodisha kwa harusi. Aliinunua mkononi kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Dereva wake, Onesphory, kijana wa Kilimanjaro, alilipenda gari lile kuliko mwenyewe alivyolipenda. Kila alfajiri alichukua kitambaa akalipangusa vumbi, kavu kavu, kwa bidii, mpaka jasho likamtoka. Na kwa sababu hiyo, baada ya mwaka mmoja, gari likawa na mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui, mbavuni, mlangoni, juu ya madigadi yanayofunika magurudumu, isiyoonekana kivulini lakini juani ikawaka yote kwa pamoja.

Ramadhani ikaisha, Mfunguo Mosi ukaingia, harusi zikafuatana kama siafu. Onesphory, ili kumwokoa bwana wake na aibu, akalipaka gari zima dawa nyeusi ya viatu. Likameremeta kweli. Mikwaruzo ikatoweka. Huko kwenye harusi, ami yake bwana harusi, mtu wa tumbo na heshima, akaegemea madigadi akimngoja bibi harusi atoke. Alipogeuka kuwaamkia wakwe, wanawake waliokuwa wakipiga vigelegele wakakatisha katikati. Kanzu nyeupe ya yule mzee, huko nyuma, ilikuwa na alama nyeusi kama kitako cha chungu.

Kabla ya sala ya Ijumaa gari lilikwisha kupata jina. Wakaliita Kaniki, kwa ile nguo nyeusi ya wanawake. Watoto wa mtaa walikuwa wakilipisha njia wakiimba kaniki haigeuki rangi. Watu wawili waliokwisha kulikodi wakahamia kwa tajiri mmoja wa upande wa Mnazi Mmoja, mwenye motokaa mpya. Ikabaki harusi moja tu, ya kwa Bi Amna, siku ya Alhamisi, nao walituma mtu kusema waziwazi kwamba watakuja kulitazama gari kwanza, na ikiwa bado ni Kaniki, wasilaumiane.

Kariakoo yote ilicheka. Mwanamize alikitua kikapu akapiga hesabu.

Kesho yake asubuhi alikwenda dukani. Walipokwisha kupeana sabalkheri na habari za nyumbani, aliuliza habari za gari. Hamud akasema gari ni zima. Mwanamize akauliza kama anaweza kulitazama. Lilikuwa limeoshwa ile dawa ya viatu, mikwaruzo imerudi, nalo limefichwa nyuma ya duka, chini ya turubai, kama mgonjwa wa ndui.

"Litoe juani," akasema.

"Juani litazidi kunitia haya, Bi Mwanamize."

"Mficha uchi hazai, Bwana Hamud. Litoe."

Onesphory akalisukuma nje. Akamwambia Mwanamize, nusu kwa utani, kwamba hilo si kabati la harusi, ni gari. Mwanamize alilizunguka, akainama, akapitisha ukucha juu ya mlango taratibu. Ukucha haukukwama. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha ni wa fundi rangi, aliwaambia. Huu haukwamishi, kwa hiyo ni wa mpika nta. Kisha akamwuliza Onesphory anaoshaje. Alipoelezwa habari ya kitambaa kikavu cha alfajiri, akamwuliza kama na uso wake huwa anaunawa kwa mchanga. Vumbi la Kariakoo ni mchanga uliosagwa tu. Tangu siku ile Onesphory alimwaga maji kwanza, akapangusa baadaye.

Hapo ndipo mapatano yalipoanza. Hamud alitaka kujua ujira. Mwanamize akasema hataki fedha. Alitaka gari lisimame adhuhuri juani bila mikwaruzo kuonekana, na Hamud mwenyewe aliegemee akiwa na kanzu nyeupe. Kanzu ikitoka safi, ile pembe ya baraza ni yake. Ikichafuka, ataifua yeye, na hataitaja pembe ile tena maisha yake.

"Nikikupa pembe, kesho utaleta kitanda," Hamud akasema.

"Kitanda ninacho nyumbani. Hapa ninataka kivuli."

Hamud akakubali, kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na pia kwa sababu aliamini kwamba mwanamke wa kuuza nta ya makabati hataweza.

Walikuwa na siku chache tu. Hamud alikwisha kununua mikebe miwili ya dawa za Ulaya kwenye duka moja la mjini, asijue ipi ni ya nini, maana zote mbili zilikuwa na picha ya gari linalong'aa. Mwanamize hakutazama picha. Alichota kidogo katika mkebe wa kwanza, ule mwekundu, akakitia katikati ya meno ya mbele akasaga. Kikalia. Ulikuwa na unga wa mchanga ndani yake. Dawa hii inaondoa mkwaruzo kweli, akasema, lakini inauondoa kama randa inavyoondoa kovu la ubao, kwa kula ubao wenyewe. Akawaonyesha pembe za madigadi ambako rangi nyeusi ilikwisha kuwa nyembamba hata wekundu wa chini ukachungulia. Gari jipya lingestahimili. Hili lingetoka na upara.

Mkebe wa pili haukulia kwenye meno. Ilikuwa nta ngumu ya manjano, safi, isiyo na rangi. Aliipaka kidogo mlangoni, akafuta. Iling'aa, na kitambaa cha bafta nyeupe alichokipitisha juu yake kilitoka cheupe. Lakini mikwaruzo ilibaki palepale, inang'aa nayo.

Mafuta ya nazi alikuja nayo Onesphory mwenyewe, akisema madereva wote wa mjini wanayatumia. Mwanamize akamwacha apake upande mmoja. Gari likawa kama ngozi ya bibi harusi. Kufika saa sita, vumbi lote la barabarani lilikuwa limeganda pale, na Onesphory akaenda kuchota maji bila kuambiwa.

Ikabaki nta yake. Alikusanya masizi ya vibatari, akayasaga laini kama wanja, akayayeyusha pamoja na nta ya nyuki na tapentaini, sufuria ndani ya sufuria ya maji, maana tapentaini ikionja moto haimwulizi mtu jina. Akapaka ubavu mmoja. Mikwaruzo ikazama. Hamud alisimama mbele ya gari akaona ndevu zake mwenyewe, akaanza kutabasamu.

Mwanamize akachukua kipande cha bafta, akakibandika kwa kiganja juu ya ule ubavu, palepale juani, akakaa nacho kidogo, akakiinua. Kilikuwa cheusi.

Tabasamu la Hamud likarudi lilikotoka. Alisema tu kwamba afadhali amwambie Bi Amna mapema, atafute gari jingine. Mwanamize akaikunja ile bafta iliyoingia weusi akaitia kikapuni. Akaomba siku mbili zaidi. Hamud akampa, kwa namna mtu anavyompa maskini sadaka.

Njiani kurudi Ilala hakumfikiria Hamud. Alilifikiria kabati. Hamis, alipotaka kuficha mstari kwenye mti mweusi, hakupaka kabati zima rangi. Alijaza mstari tu, akafuta pembeni, akaacha ukauke, ndipo akapaka nta juu. Yeye Mwanamize alikuwa amefanya kazi mbili kwa chombo kimoja. Alitaka nta ile ile ifiche na ilinde. Hiyo ni tamaa, na tamaa alikuwa akiwacheka wengine kwa ajili yake.

Asubuhi alirudi na nta ile ile ya masizi, lakini safari hii aliipaka kwa ncha ya kitambaa, akiivuta kukatisha mikwaruzo ili iingie ndani yake, kisha akafuta, akafuta, akafuta, mpaka kitambaa kikatoka bila weusi. Onesphory alimwuliza kwa nini anatoa alichokitia. Akamjibu kwamba kilicho juu ni cha kanzu, kilicho ndani ndicho cha gari. Akaliacha lilale kivulini hadi kesho yake. Kisha akaomba ule mkebe wa Ulaya, ule wa manjano usiolia kwenye meno, akaipaka nta ile juu ya yake kama mtu anayefunika chungu.

Hamud akamwuliza kama haoni vibaya kutumia nta ya wengine.

"Sifa haikaushi nta, Bwana Hamud. Nta yangu inakauka polepole, hii inakaza upesi. Kila mmoja na kazi yake."

Jumatano adhuhuri wakalitoa. Jua la kaskazi lilikuwa kichwani. Watu wa kahawa walitua vikombe, na mmoja akauliza kwa sauti kama Kaniki amekwenda kutahiriwa. Gari likasimama katikati ya njia, jeusi, kimya, bila utando wa buibui. Hamud alitoka na kanzu iliyopigwa pasi na mkewe Fakhriya, ambaye alikuwa amesimama dirishani na alikwisha kutangaza nani ataifua. Akalizunguka gari mara moja zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akavuta pumzi, akaegemea madigadi, akakaa pale kama mtu anayengoja kung'olewa jino.

Alipoinuka akageuka kumpa Mwanamize mgongo. Kanzu ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka kwa Fakhriya.

"Imekwisha?" Hamud akauliza, akipapasa mlango. "Mikwaruzo imekwisha kabisa?"

Hapo palikuwa na jibu jepesi. Angesema ndiyo, baraza lingekuwa lake dakika ile. Lakini Mwanamize alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hutazama masika yakiwa bado mbali.

"Haikwishi. Imesitirika. Mvua ya kwanza, au dereva wako akizidisha sabuni, itachungulia."

Hamud akakunja uso. "Basi umenifanyia kazi ya siku moja."

"Nimekufanyia kazi ya kila wiki. Na mtu wa kila wiki hutaki kumtafuta Ilala, Bwana Hamud. Unataka umkute barazani."

Onesphory alicheka kwanza, kisha watu wa kahawa. Hamud alijishika kanzu nyuma, akaivuta mbele, akaitazama tena kama anatafuta doa la kumwokoa. Hakuliona. Basi akaenda mwisho wa baraza, akainua bao, kete zikaanguka mbili tatu, akalihamishia upande wa pili, na yule aliyekuwa akishinda akalalamika bure.

Watu wa Bi Amna walikuja jioni, wakalitazama gari, wakalipangusa kwa leso, wakaitazama leso, wakaondoka wameridhika.

Siku ya Jumamosi Mwanamize alikaa kando ya nguzo na mikebe yake mbele. Saa sita alifunua mmoja akabonyeza kwa kidole gumba. Nta ilikataa. Ilikuwa ngumu kama asubuhi. Akarudisha kifuniko, akangoja wateja.

Alasiri dereva wa yule tajiri wa Mnazi Mmoja, mwenye motokaa mpya, alisimama mbele ya baraza, akajikuna shingo. Alisema gari la bwana wake limeanza kupata vimistari, na wamesikia kwamba hapa kuna mama anayeviondoa.

"Siviondoi, ninavisitiri," akasema Mwanamize, na tayari alikuwa akiinuka. "Na unalipangusaje, kavu? Kalilete juani tulione."