Mahamri ya Mpimaji

Baridi yabisi ilianza vidoleni, ikashuka magotini, na sasa imehamia kabisa. Vidole vyangu vimepinda hata kipofu akinipa mkono atajua. Lakini serikali ya huku Marekani haitosheki na kujua, inataka kupima. Kila baada ya muda naitwa Fort Worth. Binti yangu ni nesi wa zamu ya usiku. Siku hiyo hapati kulala, tunatoka kwetu Carrollton tukibanwa na malori njia nzima, ili nikaulizwe kama vidole vimenyooka. Mara ya mwisho daktari alinitaka nifunge kifungo cha shati. Nilikifunga. Kwa muda nilioutumia mtu angeivisha wali, lakini aliandika: anaweza.

Binti yangu akaomba nisamehewe kupimwa tena, nibaki na posho yangu ya ulemavu bila safari hizo. Wakajibu kwamba atakuja mtu nyumbani aone kwanza, ndipo waamue.

"Mama, siku hiyo usifanye kitu. Kaa tu kwenye kiti."

"Mgeni aje kwangu nikae kama gunia?"

"Si mgeni. Ni mpimaji."

Kwetu Mombasa anayebisha hodi ni mgeni, na mgeni hatoki na kinywa kikavu. Basi alfajiri, yeye akiwa bado kazini, nikatoa unga, hamira, iliki na tui, nikakanda mahamri. Aliporudi akanikuta nimekaa chini jikoni, unga hadi kwenye kanga. Akashika kichwa. Akaniinua, akayakaanga mwenyewe huku akininung'unikia.

Mpimaji alikuwa msichana wa Kenya, wa bara, kavaa suti.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Karibu chai."

"Asante nyanya, lakini haturuhusiwi kula kwa mgonjwa."

"Kwangu hapana mgonjwa. Kula."

Binti yangu akafumba macho.

Msichana akala. Akala na la pili, sheria zake zikimngoja mkobani. Kisha akauliza, shavu limejaa, "Haya amekanda nani?"

"Mimi," binti yangu akadakia.

"Muongo. Yako wewe hayaumuki, hulala kama vipande vya sabuni."

Msichana akalirudisha hamri sahanini, akafungua kompyuta.

"Nyanya, umekanda wewe? Kwa mikono hiyo? Hebu nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akaniambia nikunje ngumi, haikukunjika. Nikamweleza kuwa bakuli nililibana kwa mapaja sakafuni, nikakanda kwa viwiko, na nilipomaliza miguu ikakataa kuninyanyua, nikangoja pale pale mpaka aliporudi huyu.

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Uliingia na kelele. Ningesemea wapi?"

Mpimaji akaandika, akaandika. Akaniomba nisimame kutoka kwenye kiti, nikajaribu mara mbili, akasema basi, inatosha. Akaondoka na mahamri mengine kwenye mfuko. Hayo sikuona akiyaandika.

Baadaye ofisi ikapiga simu. Binti yangu akasikiliza, akanifasiria neno kwa neno: nimesamehewa, sitaitwa tena, kwa sababu maradhi yangu hayatarajiwi kupata nafuu.

Akapiga kigelegele. Sijamsikia akipiga kigelegele tangu aolewe. Nikamwambia ashushe sauti, majirani watadhani tunaoza mtu. Hakunisikia, alikwisha kumpigia kaka yake anayekaa Katy, kule Houston. "Tumekubaliwa! Wamesema Mama hawezi kupona!" Huko nako nikasikia shangwe, mkewe na watoto, nyumba nzima.

Miaka yote hii nimewaombea wanangu wafurahi. Sikujua nilitakiwa nisipone.

Lakini nitasema kweli, nami nilifurahi. Sasa binti yangu atalala akitoka kazini. Akanisogezea simu sikioni, kwa kuwa kuishika siwezi.

"Hongera, Mama," mwanangu akasema.

Nikamwambia ahsante. Ningemjibu nini?