Turbo ya Kubebea Samadi

Virginia, ambaye Dagoretti nzima humwita Mama Kiarie, aliwahi kutolewa kwenye kikao cha akina mama wa kanisa kwa sababu ya harufu. Hakukasirika. Aliwaambia kwamba harufu hiyo ndiyo iliyonunua viti walivyokalia, akatoka, na viti viwili akaondoka navyo.

Kazi yake ni samadi. Huichukua kwenye mazizi yaliyo karibu na machinjio na kuianika uani, huku sisi wapangaji wake tukila chakula cha mchana madirisha yakiwa yamefungwa. Kisha huichekecha hadi iwe laini kama unga wa ugali. Matajiri wa Spring Valley hawataki samadi yenye mabonge. Wanataka waridi, lakini hawataki kukumbushwa ng'ombe.

Pikapu yake ni ya dizeli, kuukuu, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Dereva wake, Joash, ni mtu wa Vihiga anayeendesha kana kwamba anasindikiza jeneza. Si kosa lake. Ikiwa na mzigo, pikapu ile hupanda mlima wa Spring Valley kwa gia ya kwanza, ikitema moshi mweusi, na nyuma yake hujipanga magari ya watu wenye haraka zao. Mzigo wenyewe hufunikwa kwa gunia moja tu. Mama Kiarie hakuwahi kuona haja ya turubai. Kwa mwendo ule, hata unyoya ungetulia.

Mwaka huu, Bi Lornah, mwenyekiti wa chama cha wakazi wa mtaa ule, alimsimamisha kwenye kizuizi cha askari chini ya mlima.

"Mama, watu wamechoka," alisema kupitia ufa mdogo wa dirisha la gari lake jeupe. "Wanakwama nyuma yako wakinusa mavi mpaka wafike juu."

"Hii hainuki, madam. Imekauka."

"Jumamosi ijayo nitakufuata mwenyewe. Ukipanda kama magari mengine, utaendelea kuingia. Ukitambaa, hiki kizuizi hakitakufungukia tena."

Karibu wateja wake wote wanaishi juu ya kizuizi hicho. Huku Dagoretti hakuna mjinga wa kununua mavi ya ng'ombe.

Siku hiyo hiyo alimpelekea fundi wake, Obuya, pikapu. Obuya alifungua boneti, akatikisa kichwa kama daktari anayetaka ndugu wa mgonjwa waanze kulia.

"Toa hii injini, Mama. Kirinyaga Road kuna injini kubwa za kutoka Japani. Naweka moja, unapanda mlima ukiimba pambio."

"Na gia boksi itaingiana nayo?" Joash alidakia. "Na namba ya injini kwa logbuku ya gari? Utatuweka foleni ya ukaguzi mpaka Krismasi. Mama, weka turbo. Inachukua huo moshi tunatupa, moshi unazungusha feni, feni inasukuma hewa ndani. Injini ni ile ile, lakini sasa inapumua."

"Wewe Joash unajua kuendesha, tena polepole," Obuya alisema. "Turbo kwa injini ya umri huu ni kama kumpa babu dawa ya nguvu za kiume. Atapanda, sawa. Moyo je?"

Mama Kiarie alicheka hadi akashikilia bampa. "Hiyo dawa ungeileta marehemu akiwa hai, Obuya. Sasa unanipa habari za nini?"

Hata hivyo alikwenda Kirinyaga Road na Obuya, kwa sababu si mtu wa kukataa asichokiona. Muuzaji alimwonyesha injini iliyoning'inia kwenye mnyororo, imepanguswa kwa dizeli ikang'aa kama kiatu cha askofu.

"Hii, Mama, iliendeshwa na mwalimu mstaafu."

"Na ile pale?"

"Pia."

"Kwani Japani hakuna walevi?" Alifungua kifuniko cha oili, akaingiza kidole, kikatoka na tope jeusi. Akalipaka kwenye koti la Obuya, bila haraka. "Injini yangu naujua ubaya wake. Hii sijui ilikuwa inapigana na nani. Siolewi mara ya pili na mume ambaye sijaona mamake. Weka turbo."

Obuya alinuna, lakini aliifanya kazi vizuri. Alifunga turbo ndogo, akaiwekea nguvu za wastani ili gasketi isipasuke, akaongeza dizeli kidogo kwenye pampu. Pikapu ilianza kupiga mluzi kama kijana aliyemwona msichana.

Jumamosi ikafika. Bi Lornah alikuwa tayari kizuizini, akaingia nyuma ya pikapu. Ili kundi la WhatsApp la wakazi lipate ushahidi, aliteremsha dirisha lote na kutoa mkono wenye simu nje.

Joash alikanyaga mafuta. Turbo ikalia, pikapu ikaruka. Gunia lilipaa la kwanza. Likafuatwa na samadi, kavu, laini, iliyochekechwa kwa ustadi. Katika video ile yaonekana pikapu ikipanda mlima vizuri sana, kisha wingu la kahawia, kisha inasikika sauti ya mwenyekiti ikitamka neno ambalo halijawahi kuingia kwenye kumbukumbu za mikutano.

Juu ya mlima, Mama Kiarie alishuka. Nusu ya mzigo haikuwepo. Gari jeupe lilisimama nyuma likiwa na rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake Bi Lornah alionekana macho tu.

"Madam, umeona vile imepanda?" Joash aliuliza kwa furaha.

"Nyamaza, Joash," Mama Kiarie alinong'ona. Akilini tayari aliwaona wateja wake wote wakibaki nyuma ya kizuizi.

Bi Lornah alijipangusa nyusi. Akanusa vidole. Akanusa tena, kwa makini.

"Hainuki," alisema.

"Nimekuambia miaka yote, madam. Hujawahi kufungua dirisha."

Bi Lornah alijitahidi asicheke, akashindwa, na samadi ikamwingia mdomoni. Alipomaliza kutema mate alisema, "Utaendelea kuingia. Umepanda kama watu. Lakini funika mzigo! Na hii iliyo kwenye gari langu?"

"Hiyo nimekupa bure. Gari ulioshee kwenye waridi."

Turubai lilinunuliwa kabla ya saa sita. Ni kubwa na limelegea, hujaa upepo kama sketi, na Joash analalamika kwamba linairudisha pikapu nyuma. Obuya amefurahi sana. Anasema dawa yake ni injini kubwa, na kwamba Kirinyaga Road imefika moja juzi tu, ya mwalimu mstaafu.