Mzee wa Stoo Wakati wa Mashindano

Jirani yangu tulimwita Mama Pilika, maana hakuna aliyewahi kumwona amekalia kiti mpaka kikapata joto. Akija kwangu kushonesha nguo, anapimwa huku anaokota vipande vya kitambaa sakafuni. "Tulia basi, nitakupimia kiuno cha mwenzio," namwambia, naye anacheka na kuendelea. Mume alikwisha fariki, watoto walikuwa mbali, na nyumbani alibaki na baba yake mzazi, mzee aliyepoteza macho uzeeni.

Nyumba ile mzee aliijenga mwenyewe enzi za uashi wake, kwa hiyo kutoona hakukumpa taabu ndani yake. Alipapasa ukuta kwa mkono wa kushoto, akapita kabati la vyombo, akakata kona, akafika chooni. Ukijitia kumsaidia, anakuuliza kama umepotea.

Kisha serikali ikatuletea mashindano ya kimataifa ya riadha. Uwanja ukakamilika, barabara zikawekwa taa, na mji ambao mgeni wake mkubwa alikuwa mkaguzi wa shule ukaanza kufurika. Kinyozi akatafuta mwenzake wa kumsaidia. Muuza matunda akawa anarudi nyumbani mapema na vikapu vitupu. Mimi nilishona bendera hadi nikaziota, na sitajifanya sikufurahi. Hoteli zilipojaa, ofisi ya utalii ikaomba wenye nyumba wapokee wageni, mradi wahudhurie mafunzo kwanza. Mama Pilika alitangulia kufika, na maswali yake ndiyo yaliyowachelewesha wenzake kwenda nyumbani.

Akapangiwa waamuzi wa mbio. Akapaka rangi, akahamisha makabati, akaigawa sebule kwa pazia. Bado kitanda kimoja kilipungua, ndipo akamhamishia baba yake stoo, nyuma ya jiko.

"Ni kwa muda tu, baba."

"Haya, mwanangu," mzee akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mimi sikunyamaza. "Shoga, huyo mzee atajigonga."

"Baba anaijua nyumba hii kuliko mimi."

"Aliijua ilivyokuwa juzi."

Asubuhi ya kwanza mzee aliamka, akajigonga kwenye kabati ambalo zamani halikuwa pale, akapapasa hadi kwenye mlango wa chumba chake cha zamani, akaingia na kuketi kitandani. Alikalia miguu ya mwamuzi. Mwamuzi alipiga ukelele uliofika kwenye cherehani yangu. Mama Pilika akaja mbio, povu la sabuni hadi viwikoni, akamwomba mgeni radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Halafu akamgeukia baba yake.

"Baba, huku ni kwa wageni sasa. Ukitaka kupita, bisha hodi."

Mzee akainuka. Akasema samahani, bila kusema anamwambia nani.

Tangu hapo akawa anabisha hodi kila mahali. Hodi jikoni, hodi uani, hodi mbele ya choo alichokijenga mwenyewe. Wageni walimpenda, wakasema hawajaona mzee mwenye adabu kama huyo. Mama Pilika kila akiisikia ile sauti, anaacha anachofanya na kushika kingine.

"Mimi usinibishie hodi, baba. Mimi ni mwanao."

"Ndio utaratibu, mwanangu."

Akanijia, akasimama mlangoni anazungusha ufunguo kidoleni. "Naogopa," akasema. "Baba yangu nimemfanyia kitu, na sijui kama kitarudi."

"Mrudishie chumba leo."

"Nimpeleke wapi mwamuzi? Fainali bado. Wametuambia wageni wakiridhika, mashindano yatarudi, na mji mzima utakula." Hapo nami nikavuta bendera zangu zilizokuwa mezani, nikaendelea kushona.

Mashindano yakaisha, mabasi yakawachukua wageni, mtaa ukapoa ghafla. Mama Pilika hakusubiri hata vumbi litulie. Alirudisha makabati, akashusha pazia, akafua mashuka na kutandika kitanda cha baba yake. Akaniita nimsindikize kwenda kumchukua. Nadhani aliogopa kwenda peke yake.

Tulimkuta mzee ameketi ukingoni mwa kitanda cha stoo. Alikuwa amevaa shati safi, amefunga kamba za viatu, na mfuko wa nguo ameupakata.

"Nimesikia wenzangu wameshaondoka," akasema. "Gari langu mimi linakuja saa ngapi?"

Nilimtazama nikitafuta utani usoni mwake. Haukuwapo. Mama Pilika naye alikuwa anamtazama, machozi yanamtoka.

"Baba, hapa ni kwako," akasema. Akauchukua mfuko, akaanza kutoa nguo moja moja.

Mzee akasikiliza nguo zikitolewa. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Kuna kitu chenu kimepotea?"