Malaika za Mvule

Nina kibanda cha kunyolea karibu na stendi ya Kyela mjini. Mtaalamu wa misitu alipoingia na kukaa kwenye benchi, nilidhani amemleta mtoto kunyolewa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Pangani, aliyehamishiwa kwetu kikazi. Akanitazama nikimaliza shingo ya mteja, kisha akaniuliza kama mkono wangu huwa unatetemeka.

"Mpaka leo hautetemeki, dada."

"Basi nina kazi ya wembe. Si ya kichwa. Ya majani."

Akanieleza taratibu, kama mtu aliyezoea kutoeleweka. Miche ya mvule kitaluni kwake ilikuwa inauawa na mdudu mdogo kama chawa. Anataga kwenye chipukizi, watoto wake wanaingia ndani ya jani, jani linaota vijipu, vijipu vinapasuka na kilele cha mche kinaoza. Lakini kati ya miche iliyotokana na mbegu za mvule mmoja wa kijiji cha Makwale, mingi ilikuwa haiguswi sana, na mingi ya hiyo ilikuwa na vinyweleo upande wa chini wa majani. Alitaka kujua kama ni vinyweleo vinavyomzuia mdudu au ni kitu kingine. Njia ni kuvinyoa, kisha kuwaachia wadudu.

"Kwetu tunaziita malaika," akasema, akinionyesha mkono wake. "Nywele laini kama hizi. Utaninyolea malaika za majani."

Sisi Kiswahili tumekikuta shuleni, na malaika tunaowajua ni wale wenye mabawa. Sikuuliza. Mteja ni mteja.

Basi kila alasiri, kibanda kikipoa, nikawa naenda kitaluni. Jani nalilaza kiganjani, nalivuta linyooke kama shavu la mzee, napitisha wembe bila kuukandamiza. Ukikosea, linatoa utomvu mweupe na mtaalamu anaguna.

"Hii yote ni ya mama mmoja?" nilimuuliza siku moja.

"Mama mmoja."

"Mbona mingine ina malaika na mingine haina?"

"Mivule ina madume na majike. Chavua ya dume inaletwa na upepo. Mama namjua, baba simjui. Pengine kila mche una baba yake."

Nikaendelea kunyoa. Mambo hayo hata kibandani hatuyazungumzi mbele ya wahusika.

Mke wangu alimwambia jirani kwamba siku hizi nanyoa malaika kwa mtaalamu. Jirani alikuwa na shangazi Makwale. Habari ilipomfikia mama yangu, anayeishi huko huko, malaika za majani zilikwishakuwa malaika wa Bwana. Mama akaja mjini na wenzake wawili wa kanisani, wamevaa sare, wamebeba vitabu vya nyimbo. Walinikuta nimepiga magoti kitaluni, wembe mkononi.

"Mwanangu," mama akasema, "wako wapi?"

"Akina nani, mama?"

"Malaika."

Nikamgeuzia jani. Akavaa miwani, akalipapasa kwa kidole gumba, akamgeukia mtaalamu.

"Hizi ni nywele."

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kwa nini mnaziita malaika?"

Mtaalamu akamnyooshea mkono wake. Mama akautazama, kisha akautazama wa kwake kwa muda mrefu.

"Umri wote huu," akasema, "hakuna aliyeniambia."

Kwa kuwa walikuwa wamekuja kuomba, waliomba. Waliiombea miche. Mtaalamu alikinga viganja vyake kama wanavyofanya Waislamu, akaitikia amina. Mama akamshukuru kwa lugha yetu, "Ndaga fijo," naye akajibu asante sana, ambayo bila yeye kujua ndiyo tafsiri yake.

Baadaye wadudu waliachiwa. Majani niliyoyanyoa yaliota vijipu kama ya miche mingine, na yale yaliyoachiwa malaika zake hayakuguswa sana. Mtaalamu alifurahi, nami nilijisikia kama fundi ambaye kazi yake imeonekana. Lakini kulikuwa na miche kadhaa ya mama yule yule, iliyozaliwa bila malaika, ambayo mdudu alipojaribu kuingia, jani lilikauka pale pale alipogusa naye akafia humo. Mtaalamu aliitazama miche hiyo mpaka jua likashuka.

"Hii imerithi kitu kingine," akasema. "Pengine kutoka kwa baba."

"Kwa hiyo si nywele?"

"Ni nywele, na si nywele peke yake."

Nilisikitika kidogo. Kikazi nilikuwa upande wa nywele.

Kabla mtaalamu hajahamishwa tena, alimpa mama yangu achague mche wa kupanda penye kakao zake. Mama aliiacha yenye malaika akachukua mmoja wa vile vipara vilivyomshinda mdudu. Alisema mtoto wa baba asiyejulikana anahitaji mtu wa kumpokea. Sasa mche huo umeupita mgomba kwa urefu.

Aliyekuja badala yake kitaluni anashughulika na michikichi. Nilikwenda kumsalimia. Akanitembeza vizuri, akanionyesha kila kitu. Nikalishika jani la mchikichi, nikalipapasa huku na huku, sikukuta malaika, nikaaga, nikarudi kibandani.