Mama Taratibu na Baba Aliyetaka Chatu wa Mwanawe

Asubuhi, kabla wageni hawajaanza kuingia katika nyumba ya nyoka, Mama Taratibu ananawa mikono. Anapaka sabuni mpaka kwenye viwiko, anasuuza, ananusa vidole, kisha ananawa tena. Jana alishika sungura, na chatu akipata harufu ya sungura hatauliza mkono ni wa nani.

Anakwenda hadi chumba cha kioo kilicho mwisho wa ukumbi. Hagusi kufuli. Kwanza anachungulia, anatafuta kichwa kiko wapi. Ndani, chatu jike mnene kama paja la mtu mzima amejikunja chini ya taa ya joto. Macho yake ni maangavu, hayana ukungu, maana yake hajakaribia kujivua gamba. Mama Taratibu anafungua mlango kidogo, anapitisha fimbo ya chuma iliyopinda ncha, anamgusa ubavuni.

"Namwambia leo si siku ya kula," anaeleza bila kugeuza shingo. "Akiguswa hivi anajua anayekuja ni mtu. Ukiingiza mkono tu kama unayetoa shati kabatini, utakuja kujilaumu."

Nyuma yake amesimama mhudumu mwenzake, mwanamume mnene na mpole ambaye kila mtu anamwita Bonge. Hafanyi kitu. Kazi yake ni kuwepo. Kwa nyoka wa ukubwa huu haingii mtu peke yake, hata awe amezeekea kazini.

Chatu huyo anaitwa Shangazi. Jina alipewa na kijana aliyemlea tangu akiwa mwembamba kama kidole. Kijana alikuwa akiwaambia watu kwamba nyoka wake ni kama shangazi aliyekuja kutembea: anakula vizuri, analala wiki nzima, na hakuna mwenye ubavu wa kumwamsha, kwa hiyo angeitwa nani kama si Shangazi?

Kijana huyo hayupo tena. Gari lilimgonga akitoka kazini. Siku chache baada ya mazishi, mjane wake alipiga simu katika nyumba hii ya nyoka na kuomba waje wamchukue chatu. Mama Taratibu na Bonge ndio waliokwenda kumbeba.

Mama Taratibu aliingia hapa kama mfagiaji, miaka mingi iliyopita, akiwa na mtoto mgongoni na woga wa kutosha. Mlezi wa zamani wa nyoka alimwona akifagia kwa uangalifu pembezoni mwa vioo, bila kugonga wala kuwashtua waliomo, akamwita ndani. Leo ndiye anayeamua kama mtu anayetaka kuchukua nyoka mkubwa hapa akamfuge nyumbani yuko tayari. Bila yeye kukubali, hakuna chatu anayetoka mlangoni.

"Wanakuja wengi," anasema. "Wengine wameona picha. Wengine wanataka majirani wawaogope. Hao hawanisumbui kichwa. Nawapa fagio na ndoo wasafishe kinyesi cha chatu, wengi hawarudi."

Nyumbani kazi yake imezoeleka, ingawa mumewe hajaacha utani. "Akirudi namuuliza kwanza, leo umemkumbatia nani?" anasema mumewe akicheka. "Akiniambia amemkumbatia yule mrefu, namwonyesha bafu."

Lakini aliyemsumbua kichwa kweli hakuja kwa sababu ya picha. Alikuja mwanamume wa makamo, mikono imejaa makovu madogo ya cheche, akavua kofia mlangoni kama anayeingia msibani. Ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Alisema yeye ni baba wa marehemu, na amekuja kumchukua nyoka wa mwanawe.

"Umewahi kumshika?" Mama Taratibu alimuuliza.

"Sijawahi. Nilikuwa namwogopa. Mwanangu alikuwa ananicheka."

"Sasa humwogopi?"

"Sasa sijui."

Jibu hilo lilimpendeza Mama Taratibu. Anasema mtu akikiri kwamba hajui, hapo pana pa kuanzia. Akampa fagio na ndoo, na fundi akarudi. Alirudi tena na tena. Alijifunza kuyeyusha panya waliogandishwa na kuwapasha joto kabla ya kuwalisha nyoka wadogo. Alijifunza kutomgusa nyoka aliyetoka kula. Hakuchelewa hata siku moja, wala hakulalamika.

"Nikasema moyoni, huyu anaweza," anakumbuka.

Mama Taratibu akaenda na Bonge kuona fundi atakapomweka Shangazi. Fundi alikuwa ametengeneza chumba cha nyoka mwenyewe, fremu ya chuma, kioo kinene, mlango wenye komeo mbili, tundu za hewa zilizopigwa kwa mstari kama za kiwandani. Bonge alivuta komeo kwa nguvu zake zote, haikutikisika. Bonge akasema hata yeye angelala humo.

Ila chumba hicho cha nyoka kilikuwa ndani ya chumba cha marehemu. Viatu vya kijana vilikuwa bado chini ya kitanda. Shati lake la kazi lilikuwa bado linaning'inia kwenye msumari. Na kitanda kilikuwa kimesogezwa mpaka kikagusana na kioo.

"Nani analala hapa?" Mama Taratibu aliuliza.

"Mimi. Nitakuwa naye karibu."

Jikoni, mjane alikuwa akiosha vyombo, na binti yake mdogo amekaa sakafuni akipanga vifuniko vya sufuria. Mama Taratibu aliomba maji ya kunywa, na mlango ulipofungwa akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wewe unasemaje?"

"Mimi ni mkwe tu hapa, mama. Niseme nini?"

"Sema."

Mjane akaacha maji yakatiririka ili yafunike sauti yake. "Baba hali. Anakaa mle chumbani na mlango umefungwa. Juzi nimemkuta mtoto anachezea komeo, babu yuko kitandani anamtazama, wala hamwambii acha. Nyoka mwenyewe hajaja. Akija itakuwaje?"

Mama Taratibu aliaga, akamwambia fundi bado kuna jaribio moja, la kumshika Shangazi mwenyewe.

Walimtoa siku ambayo hakukuwa na wageni. Mama Taratibu alishika upande wa kichwa, Bonge mkia, fundi katikati. Alimfundisha tena: asimruhusu apite shingoni, na akiitwa aitike, kwa kuwa mtu aliyebanwa huenda asiweze kuita. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Fundi alikuwa na mikono mizuri, anasema, mikono isiyoharakisha. Akamwachia kichwa, akarudi hatua moja kumtazama.

Shangazi alipanda taratibu begani kwa fundi, akazunguka nyuma ya shingo, akatokea upande wa pili.

"Fundi, mtoe shingoni."

Fundi hakujibu. Alikuwa amefumba macho.

"Fundi!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Mikono yake aliiacha ikaning'inia. Shangazi, aliyekosa pa kuegemea, akakaza. Uso wa fundi ukaanza kubadilika rangi, na bado hakuinua mkono. Mama Taratibu alikirukia kichwa cha nyoka, Bonge akaanza kumfungua kuanzia mkiani, pindi kwa pindi, bila papara, mpaka akatoka kabisa. Walimrudisha ndani, wakafunga. Fundi alikuwa ameketi sakafuni akikohoa.

"Ulinisikia nikikuita?" Mama Taratibu alimuuliza.

"Nilisikia."

"Mbona hukuitika?"

Fundi alikitazama chumba cha kioo. "Niliona kama mwanangu ndiye amenikumbatia."

"Fundi, yule ni nyoka. Alikuwa anajishikilia asianguke. Angeshika hata nguzo."

"Najua."

"Ungekuwa peke yako, ungekufa."

"Najua, mama," alisema. "Ndiyo nakwambia, najua."

Bonge akatoka nje. Anasema hakuweza kubaki.

Mama Taratibu aliketi sakafuni karibu na fundi, akamwambia hapana. Hakuzungusha maneno. Alimwambia hatampa Shangazi, si mwezi ujao, si mwakani, na kwamba nyumbani kwake kuna mtoto anayehitaji babu. Fundi alikasirika. Alisema nyoka ni wa mwanawe, kwamba wao ni nani wa kumnyima, kwamba wamemchukulia kila kitu. Aliondoka bila kofia yake.

"Anayedharau nyoka nitamfundisha kuogopa," anasema Mama Taratibu. "Lakini mtu asiyejionea huruma mwenyewe, somo lake silo langu. Nilikwenda nyumbani nikalia. Nilijiuliza kama nimemuua kwa njia nyingine."

Hakuishia kulia. Kesho yake alimpigia simu mjane na kumweleza yote yaliyotokea, asifiche kitu. Mjane akaita ndugu wa mumewe. Walimkalisha fundi chini, wakampeleka kwa daktari, wakapokezana kulala karibu naye. Baadaye, mjane anasema, yeye na baba mkwe wake walikunja shati lile pamoja na kukirudisha kitanda mahali pake. Chumba cha chuma kiliuzwa kwa mfuga sungura.

Majani ya mti ulioko mbele ya nyumba ya nyoka yalikuwa yameshapukutika na kuchipua tena, fundi alipoonekana langoni. Hakuja kuomba nyoka. Aliuliza kama komeo za vyumba vya zamani bado zinakwama, maana alikuwa ameziona. Zilikuwa zinakwama. Akazitengeneza.

Siku hizi huja mara kwa mara. Hukaa mbele ya kioo na Mama Taratibu, na mara nyingi hawazungumzi juu ya marehemu. Huulizana kama Shangazi amekula. "Nilimchukia huyu mama," anasema fundi. "Nilimchukia kabisa. Sasa namshukuru, lakini bado inauma. Viwili vyote vipo."

Wiki iliyopita alikuja na mkwe wake na mjukuu. Mtoto alikiegemea kioo kwa viganja vyote viwili, akauliza huyu ni shangazi wa nani. Mama yake akacheka, akageukia ukutani kufuta macho, kisha akapiga magoti na kumsimulia mtoto habari za baba yake.

Mama Taratibu anakaribia kustaafu. Anataka, kabla hajaondoka, aanzishe mafunzo ya wanaoanza, ili anayetaka nyoka mkubwa ajifunze kwanza hapa kwa muda mrefu, na watu wa nyumbani kwake waulizwe wakiwa peke yao. Kuhusu Shangazi ameshaamua.

"Chatu akitunzwa anaishi sana," anasema akivua glavu. "Mungu akipenda, yule mtoto atafika umri wa kujiamulia na Shangazi yupo bado. Akija kumtaka, nimemwambia Bonge amfundishe tangu mwanzo, asimwonee haya. Na akija akasema hamtaki, anapenda kuku, basi, afuge kuku wake. Mimi nitafurahi vilevile."